Shangazi, nyumbani wanaona nachati tu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 23, nasoma shahada ya uhasibu, mwaka wa pili. Chuo kiko Dar es Salaam, mimi niko Newala. Programu yetu ni ya mseto: mwanzo wa muhula tunaitwa wiki mbili madarasani, mwishoni tunarudi kwa mitihani, na hapo katikati yote ni kwenye simu. Niliichagua kwa sababu nyumbani hakukuwa na uwezo wa kunilipia chumba na chakula cha Dar miaka yote mitatu. Tangazo lao lilisema soma popote ulipo. Popote pangu mimi ni chini ya mkorosho nyuma ya nyumba, maana ndipo mtandao unaposhika. Ndani unapata kijistari kimoja, ukigeuza shingo kimepotea.

Muhula wa kwanza ulianza Novemba, na Novemba huku kwetu ni korosho. Alfajiri naokota, mchana tunaanika na kuchambua, jioni ni maji na jiko. Vipindi vya moja kwa moja vinaanza saa 1 usiku kwa kuwa wenzangu wengi ni waajiriwa. Saa 1 usiku ndiyo saa ya kusonga ugali. Nikishika simu mama anasema, "Umeanza." Kaka yangu akitoka kijiweni anawaambia watu chuo changu kinaitwa WhatsApp. Wageni wakija naambiwa niinuke nikachemshe chai, eti wewe si huna kazi. Mdogo wangu yuko kidato cha nne. Akifungua daftari nyumba nzima inanong'ona. Mimi nikifungua simu natumwa dukani.

Desemba mhadhiri wa uhasibu wa gharama aliuliza swali ambalo jibu nilikuwa nalo. Nikawasha maiki. Sentensi haijaisha, mama akapaza sauti kutoka jikoni, ile sauti ya kumwita mtu aliye bondeni: "Weee! Mboga inaungua huku, na hiyo simu yako!" Tulikuwa watu 140 kwenye kipindi. Grupu lilicheka mpaka usiku wa manane, mtu akatengeneza na stika. Tangu siku hiyo maiki sijaiwasha tena.

Kazi za grupu nazo ni mateso. Tunapangwa sita, wanafanya wawili, wengine wanaandika "naungana nanyi" na "msisahau jina langu". Asaimenti mbili zilinipita kwa sababu mfumo unafungwa saa 5:59 usiku, na mimi naanza kupakia saa 5:40, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, kinaniambia muda umekwisha. PDF ninazo nyingi, nimehesabu ziko 47, nyingine sijazifungua. Kusema kweli nikisubiri ifunguke moja najikuta niko TikTok.

Matokeo yametoka. Kozi weki ya takwimu, yaani alama za kabla ya mtihani, nimepata 13 kwa 40. Nimekula sapu mbili (mitihani ya kurudia), takwimu na uhasibu wa gharama, na zote zinafanyika Septemba. Nyumbani hakuna anayejua. Shangazi, mimi ni Mmakonde, kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na huyu mjomba ndiye aliyelipa nusu ya ada yangu kwa hela ya korosho zake. Kila akipita anauliza, "Msomi, vipi?" Nami najibu, "Salama, mjomba."

Nifanye nini? Niahirishe mwaka? Nimwombe mjomba anitafutie chumba Dar nikakae karibu na chuo japo madarasa hayapo? Au nikubali tu kwamba kusoma kwa mbali kuna watu wake, na mimi simo?

Ni mimi,
Wa Chini ya Mkorosho, Newala

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimecheka pale penye mboga. Nisamehe. Mama yako ana sauti nzuri.

Lakini mstari ulionikaa ni wa mdogo wako. Akifungua daftari nyumba inanong'ona, wewe ukifungua simu unatumwa dukani. Ugonjwa wote uko hapo, na mtandao ni homa tu inayofuata. Daftari watu wanaliona. Sare wanaiona, begi wanaliona, kengele ya shule wanaisikia toka barazani. Wewe chuo chako kimeingia ndani ya kitu kilekile kinachotumiwa na kaka yako kuangalia mpira na shoga yako kutuma umbea. Mama yako atatofautisha vipi? Na tusimwonee: TikTok umeitaja mwenyewe, tena umeipitisha haraka kama mtu anayeficha kitumbua mgongoni. Kwa hiyo anapokuambia "umeanza", siku nyingine amekosea na siku nyingine amepatia.

Mimi nilisoma kwa posta. Ninyi mnadhani masomo ya mbali yamekuja na korona, vyuo vilipofungwa Machi 2020. Miaka ya 1980 nilikuwa muuguzi kijana, kozi inafika kwenye bahasha ya kaki, unasoma, unajibu maswali, unarudisha kwa posta, unasubiri kusahihishiwa. Bahasha yangu ya kwanza niliiweka juu ya kabati miezi mitatu. Kila aliyeniuliza nilimwambia nasoma. Kabati ndilo lililosoma. Kilichoniokoa ni mwenzangu wa zamu ya usiku, mtu mkavu asiyejua kubembeleza, aliyekuwa ananiuliza kila tukikutana, "Umefika ukurasa wa ngapi?" Nilimdanganya mara mbili. Mara ya tatu niliona haya nikaishusha bahasha.

Basi tuanze na mjomba, maana huko ndiko tumbo linakokuuma. Nenda ukamwambie. Nenda wiki hii, kabla hajasikia kwa mtu mwingine, tena uende asubuhi akiwa bado hajachoka. Usianze na mtandao wala mama wala mboga, ataona unatafuta wa kumbebesha. Mwambie: mjomba, nimefeli masomo mawili, mtihani wa kurudia ni Septemba, na nimekuja na kazi ya kufanya. Kazi yenyewe ni hii.

Umefeli uhasibu wa gharama huku unaishi ndani ya uhasibu wa gharama. Mwombe mjomba ule mfuko wa plastiki anaotunzia karatasi za msimu uliopita: risiti za salfa, mafuta ya mashine ya kupulizia, malipo ya vibarua wa kupalilia na kuokota, magunia, usafiri hadi chama cha msingi cha ushirika, na karatasi za malipo baada ya mnada zikiwa na makato yake. Kaa naye, na kisichokuwa na risiti akikumbuke. Halafu mpangie kwenye daftari kubwa, la jalada gumu. Gharama zipi zinapanda kadiri mikorosho inavyozidi kuhudumiwa, kama salfa na vibarua, na zipi zipo hata mwaka ambao korosho haikuzaa, kama ile mashine. Mashine usiitie yote kwenye msimu mmoja, igawe kwa miaka itakayofanya kazi. Hiyo ndiyo mada ya uchakavu uliyoiruka kwenye mojawapo ya zile PDF 47. Tuseme jumla imekuja shilingi 900,000 na korosho zilikuwa kilo 1,000. Kila kilo imemgharimu shilingi 900 kabla hajaona faida hata ya chai. Mjomba ameuza korosho maisha yake yote, na nina wasiwasi hajawahi kuambiwa hiyo namba.

Sasa ni majira ya kujiandaa na salfa dhidi ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, kwa hiyo baada ya kumaliza msimu uliopita, fungua ukurasa wa msimu huu na uandike kila shilingi inapotoka. Hadi Septemba utakuwa umerudia silabasi nzima kwa hela za kweli. Takwimu vilevile: chama cha msingi wanazo bei za kila mnada wa msimu uliopita. Chukua hizo, tafuta wastani, tafuta mtawanyiko, chora grafu. Ukikwama, hapo ndipo ufungue kitabu.

Na angalia kitakachotokea nyumbani. Siku mjomba atakapokaa barazani na lile daftari akisoma kwa sauti "kilo moja imenigharimu kiasi hiki", nani atakutuma dukani? Kwenu mwenye neno ni yeye. Akisema jioni tatu kwa wiki, saa 1 hadi saa 3, huyu binti aachwe, itakuwa sheria kuliko ratiba yoyote utakayoibandika ukutani. Lakini muahidi kitu badala yake. Jioni hizo tatu kaka yako asonge ugali (mikono anayo), na wewe ubebe asubuhi zake. Mama hataki kukuzuia, anataka chakula kiive.

Mjomba akikuambia elimu ya simu si elimu, unazo hoja. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992, kazi yake hiyohiyo ya kuwafundisha watu waliko. Au mpe ya Mandela, wazee wa kusini wanamheshimu sana. Mandela alipata shahada yake ya sheria mwaka 1989 kwa masomo ya mbali ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akiwa bado mfungwa. Kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Witwatersrand alifeli mwaka wa mwisho mara tatu. Akajiunga na masomo ya Chuo Kikuu cha London akiwa gerezani, nayo hakuyamaliza. Wewe una sapu mbili.

Tukija kwenye kusoma kwenyewe, wewe unapakua. Kupakua kunampa mtu raha ya uongo, kama kununua mbegu na kuona umeshavuna. Wamarekani wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa utafiti mwaka 2006 ambao natamani ungesomwa siku ya kwanza ya kila chuo. Waliwapa wanafunzi kifungu wakisome. Kundi moja likarudia kukisoma, jingine likafunika likaandika lilichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, walioandika ndio waliobaki nacho. Kwa hiyo chagua PDF moja, soma kurasa mbili, zima simu, andika kwenye daftari. Nasema daftari kwa sababu linasaidia kichwa, na pia kwa sababu mama yako ataliona. Hesabu usizisome kabisa kama hadithi: funika jibu, kokotoa, ndipo ufunue. Na maelezo yasiyo na hesabu jirekodi ukiyasoma kwa sauti yako, uyasikilize alfajiri unapookota. Mikono ikitenganisha korosho na bibo, lile tunda lake, masikio hayana kazi.

Kuhusu saa 5:40 usiku sitakubembeleza. Saa hiyo darasa zima linapakia kwa pamoja, hata walioko mjini wanakwama. Wewe tarehe yako ya mwisho ni asubuhi ya siku moja kabla, mtandao ukiwa mtulivu. Faili likiwa zito, punguza picha. Likigoma, piga picha ya skrini inayoonyesha saa, umtumie mhadhiri ujumbe palepale na kazi yako ukiiambatanisha, kwa lugha fupi ya adabu. Mhadhiri anayepokea ujumbe kabla ya muda kwisha ana la kukusaidia. Anayepokea kilio baada ya wiki mbili hana. Kwenye kipindi zima picha ubaki na sauti, maana kipindi cha saa moja kwa picha kinaweza kula mamia ya MB, kwa sauti pekee ni makumi tu. Na kama mfumo wenu ni Moodle, kama ulivyo kwa vyuo vingi, ipo programu yake ya simu inayokuruhusu kupakua kozi ukasoma bila mtandao. Utapenda kujua kwamba aliyeibuni, Martin Dougiamas, alikulia jangwani Australia Magharibi, masomo yakimfikia kwa redio na kwa ndege. Naye alikuwa na mkorosho wake, tuseme.

Wale wa "naungana nanyi" sina dawa yao. Wako hata kwenye vikao vya harusi. Ila unaweza kupendekeza kwamba mbele ya kila jina iandikwe sehemu aliyoifanya. Mwenye aibu atafanya, asiye nayo atajitoa.

Unachokosa wewe ni kimbweta, zile meza na viti vya nje vya kujisomea. Wenzako wanaokaa chuoni wanafikiri wanalipia mihadhara, kumbe nusu ya wanachokipata ni pale kwenye vimbweta vya zege, mtu anakuuliza swali la kijinga na ukimjibu unagundua nawe hukuwa unajua. Tengeneza chako. Hapo Newala, au Tandahimba, au Masasi, hakosekani mwalimu wa shule au karani wa halmashauri anayesoma kwa mbali kama wewe, hata kama ni chuo kingine. Ulizia shuleni. Mpigiane simu ya kawaida siku mbili kwa wiki, saa ileile, dakika kumi: umefika ukurasa wa ngapi? Na zile wiki mbili za Dar usizimalizie Kariakoo. Kaa mbele. Tafuta watu watatu wanaojua takwimu, ule nao, uchukue namba zao. Mtu uliyekula naye chipsi hatakucheka kwenye stika.

Chuo chako nacho hakijapona kwangu. Huwezi kumwambia mtu asome popote, kisha ukaweka kipindi saa 1 usiku na ukafunga mfumo dakika ileile kwa aliye Mikocheni na aliye Newala. Hukusema kama vipindi vinarekodiwa. Kama havirekodiwi, andikeni barua kupitia CR, kiongozi wa darasa lenu, isainiwe na watu wa mikoani, mwombe vitu viwili tu: sauti ya kipindi iwekwe kwenye mfumo, na kazi zifungwe mchana wakati mtu anaweza kupigiwa simu. Ombeni kabla ya muhula, si katikati ya kilio.

Chumba cha Dar nasema hapana. Utalipa kodi, maji, umeme na daladala ili ukakae kitandani ukiangalia simu ileile. Kuahirisha mwaka ni haki yako, lakini ni kwa ugonjwa, uzazi, msiba, ada iliyokwama, na kunaombwa kwa barua na kujibiwa kwa barua. Wanaotoweka kimyakimya wakidhani wameahirisha ndio wanaokuta wamedisko, yaani wamefutwa chuo. Wewe hujaumwa. Una miezi kadhaa na mfuko wa plastiki wa mjomba. Sapu zikikushinda zote mbili Septemba, niandikie tena, tutazungumza habari ya kubadili njia bila kuoneana haya. Kuna watu kweli ambao masomo ya mbali hayawafai, na si wajinga, ila wewe bado hujayajaribu. Umejaribu kupakua.

Limebaki la maiki. Watu 140 walimsikia mama yako, na nakuhakikishia kwamba zaidi ya nusu walizima zao haraka kwa sababu huko kwao palikuwa na mtoto analia, jenereta ya jirani, au mke anayeuliza hela ya mkaa. Mhadhiri wenu, kama walivyo wote, kila kipindi huanza kwa kuuliza "Mnanisikia?" na hakuna anayejibu, anabaki anaongea na kioo. Kipindi kijacho jibu wewe. Sema, "Tunakusikia, mwalimu, habari za jioni." Jogoo akiwika nyuma yako, mwache awike.

Msalimie mama.

Shangazi